Uso wa Gertrude Wakataa Kukua

Kuna watu Voi hii hawajui ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, iko wapi, lakini benchi la Mbaruk wanalijua. Liko Kaloleni, nje ya duka lake la uchapaji, na lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Kila alasiri Idris, muuza kahawa, anatua hapo dele lake la kahawa na sahani ya kashata, na wenye benchi wanakuja bila kuitwa. Kuna Mutiso, fundi wa redio, anayeitwa Waya kwa vile mfukoni hakosi kipande cha waya. Kuna Tom, karani mstaafu wa reli, anayeitwa Juzi, maana habari zake zote huanza na “juzi nikiwa Mombasa”, hata kama hajatoka Voi tangu Krismasi. Basi Alhamisi moja ya mwaka wa tisini na tisa, Mbaruk alitoka dukani na karatasi mkononi, akaibwaga juu ya benchi hadi vikombe vikaruka.

— Haya, itazameni! N'mechoka mimi.

Juzi akavuta miwani, akainamia karatasi, akaigeuza juu chini, akairudisha.

— Hii ni ramani ya wapi?

— Ramani? Huyo ni mamake Elsie!

Juzi akavua miwani haraka. Elsie mwenyewe alikuwa ameketi palepale mwisho wa benchi, mkoba magotini, tangu saa sita.

— Pole, mwalimu — akasema Juzi. — Miwani yangu imezeeka.

— Si miwani — alisema Elsie. — Hata mimi simwoni.

Na kweli hakukuwa na wa kumwona. Karatasi nzima ilikuwa vigae vya kijivu, vyeusi na vyeupe, kama sakafu ya bafu la hoteli. Ukirudi nyuma hatua kumi na kufinya macho, labda ungeona kidevu.

Sasa Mbaruk hakuwa mtu wa kuchoka ovyo. Kilichokuwa kinamla ni cha mwaka jana. Gertrude, mamake Elsie, alipofariki kule kijijini Ronge, Mbaruk ndiye aliyechapa programu ya mazishi, na pale mbele, mahali pa picha, aliacha kisanduku kitupu. Picha haikuwapo. Marehemu alikuwa akiona kamera anajifunika leso. Kwenye harusi ya Elsie mwenyewe alitokea kisogo. Iliyokuwapo ni ile ya kitambulisho tu, na kitambulisho kilirudishwa kwa chifu kama ilivyo sheria. Mbaruk akamwambia Elsie, “Haionekani vibaya.” Kisha siku ya maziko, kanisani, akasikia mtu nyuma yake akiuliza kama mashine ya Voi iliishiwa na wino. Watu wakacheka. Elsie alisikia, akainamisha kichwa. Mbaruk tangu siku hiyo kile kisanduku anakiona hata akifunga macho.

Jumamosi hii wanaweka msalaba kaburini, mwaka umetimia. Na wiki tatu nyuma, Donald, kakake Elsie anayefanya kazi Mombasa, alikuwa kwenye cyber akakuta ukurasa wa intaneti wa wale wazungu waliosaidia kujenga tangi la maji Ronge. Pale kuna picha: akina mama saba mbele ya tangi, na mmoja wao ni Gertrude, bila leso, anatazama kamera na kucheka. Donald akaitia kwenye diski, akaituma kwa basi. Akawaandikia wazungu hao barua kwa kompyuta, wampe iliyo kubwa. Barua ikarudi, anwani ilishakufa. Kwa hivyo picha ilikuwa hiyo moja, na Mbaruk alikuwa ameapa mbele ya Elsie kwamba safari hii uso utatoka.

— Kwenye kompyuta yuaonekana vizuri — alisema Mbaruk. — Amecheka, mpaka pengo laonekana! N'kimkata peke yake n'kamkuza ajaze ukurasa, yuageuka matofali. N'mejaribu mara tisa. N'mejaribu kulainisha, akawa ukungu. N'mempeleka kwa mashine ya fotokopi, akawa makaa.

Waya akatoa kipande chake cha waya, akaanza kukikunja. Hiyo ndiyo dalili kwamba anaenda kuongea kama fundi.

— Shida ni laini ya simu. Hiyo picha imetoka ng'ambo kwa waya, si ndiyo? Sasa waya wa ng'ambo ni mnene. Ukifika Kenya ni mwembamba. Picha ikalazimika kupita kwa kujibana. Sehemu nyingine imebaki njiani.

— Imebaki wapi? — aliuliza Idris, akimmiminia.

— Unaniuliza mimi? Hata Mariakani inaweza kubaki. Waya wa pale umeungwa-ungwa tu.

— Wee, wacha mchezo! — alisema Juzi. — Juzi nikiwa Mombasa, kijana mmoja alinieleza. Wazungu hawatoi picha kubwa. Wanaifungia. Kubwa iko ndani ya hiyo ndogo, imekunjwa, kama hema. Kuna kitufe cha kuikunjua.

— Kitufe kipi?

— Hakuniambia. Basi lilikuwa linaondoka.

— Kila mara basi lako linaondoka — alisema Idris.

Elsie akacheka kidogo bila kutaka. Mbaruk akafurahi kusikia kicheko hicho, akaketi, akapokea kikombe. Mkono wake ulitafuta kitu cha kukitua juu yake, ukapata kikaratasi kidogo kilichokuwa hapo tangu asubuhi, tayari na duara mbili za kahawa.

— Mimi naona mmesahau joto — alisema Waya. Alikuwa hajamaliza. — Redio ikipata joto inakwaruza. Hiyo picha imezaliwa nchi ya baridi. Imefika Voi, jua hili, imevimba, imepasuka vipande. Hivyo vigae ni nyufa, bwana!

— Kwa hivyo?

— Diski iwekwe kwa friji ya Makau wa bucha. Usiku mmoja tu.

— Kwenye bucha? Na matumbo?

— Atafungiwa kwa nailoni.

— Mamangu hataingia kwa friji ya matumbo — alisema Elsie.

Alisema polepole, lakini Waya akarudisha waya mfukoni.

— Basi apigwe pasi — akasema Juzi, akinong'ona kama mtu anayetoa siri ya serikali. — Juzi nikiwa Mombasa nimeona. Karatasi ikitoka na vigae, unaweka kitambaa chenye maji, unapitisha pasi ya makaa, vile vigae vinashikana. Noti kuukuu wanazinyoosha hivyo.

— Tom! Umeiona kwa macho yako?

— Nimeona pasi.

Mbaruk akashika kichwa. Hawa watu aliwapenda, na siku nyingine angekaa nao mpaka magharibi. Lakini leo ilikuwa Alhamisi. Kesho mchana programu mia mbili zinatakiwa zipande gari la Ronge, na bamba la kuchapia bado hajalichoma kwa mwanga kwa sababu ya ukurasa mmoja tu, ule wa mbele.

— Mbaruk — alisema Idris taratibu — mimi si mtu wa kompyuta. Lakini hebu n'kuulize. Uso wa huyo mama, kwenye hiyo diski, una vigae vingapi?

— N'mevihesabu kwa penseli. Toka sikio hadi sikio, arobaini na nne.

— Na wewe wataka vijaze ukurasa.

— Ndiyo.

— Yakhe, hapa n'na kahawa ya vikombe vinne imebaki. N'kiongeza maji, n'tapata vikombe arobaini. Lakini atakayekunywa atanitukana. Hiyo kahawa haijaongezeka, yakhe. Ni maji tu.

Mbaruk akatazama vigae vyake vya kijivu. Alijua ni kweli. Alijua tangu jaribio la tatu, na yale sita mengine aliyafanya kwa ukaidi tu. Kompyuta ilikuwa inabuni vigae ambavyo haikupewa.

— Kwa hivyo tumeshindwa? — aliuliza Elsie.

— Sisemi tumeshindwa! — Mbaruk aliruka. — Elsie, mwanangu, mimi kisanduku kitupu sirudii. Hata iwe n'kae hapo ndani mpaka kesho n'kichora kigae kimoja kimoja kwa mkono.

— Najua, mzee. Lakini ukichora atakuwa mtu mwingine.

Mbaruk akaketi tena.

Ndipo akafika mama mmoja mzee, amevaa sweta ya rangi ya zambarau ndani ya joto lile, kikapu begani, vumbi jekundu mpaka magotini. Elsie akasimama haraka kumpokea mzigo.

— Mama Mwandawiro! Umeteremka mwenyewe kutoka Ronge?

— Ningemtuma nani? Kwaya wamebadilisha wimbo wa mwisho. Nimeleta karatasi ya nyimbo kabla hamjachapa makosa.

Wakampa nafasi kwenye benchi. Idris akamjazia kikombe, akawaongeza na wengine watatu, na mama alipotafuta pa kukitua, akasogezewa kile kikaratasi chenye duara za kahawa. Mama Mwandawiro hakutua kikombe. Alikiinua kikaratasi, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu.

— Eee! Si huyu ni mimi?

— Wapi? — aliuliza Elsie.

— Hapa, na ndoo. Huyu ni Mama Shanice. Huyu wa nyuma ni yule aliyehamia Bomeni. Na huyu Gertrude, katikati yetu. Ona alivyocheka, shetani huyu! Pengo lote nje.

Benchi zima likainama. Mbaruk akahisi masikio yanapata moto. Alikijua kikaratasi hicho. Asubuhi, jaribio la kwanza kabisa, aliiambia mashine ichape picha nzima kwa wino wake mzuri kuliko wote, na mashine ikaitoa ndogo, upana wa kiganja. Akadhani imeharibika. Hata hakuitazama, akaitupa benchini, ikawa ya kuwekea vikombe. Na sasa, kati ya duara mbili za kahawa, vigae vikiwa vimebanana hadi havionekani, wale akina mama saba walisimama safi mbele ya tangi lao, kila mmoja na macho yake, na katikati uso mdogo kama punje ya maharagwe, lakini ni Gertrude. Huwezi kumkosea.

— Na hii nyingine ni nini? — Mama Mwandawiro alikuwa ameona ile karatasi ya vigae.

— Ni yeye huyohuyo — alisema Mbaruk. — Tumemkata peke yake, tukamkuza.

Mama mzee akatazama vigae. Akatazama kikaratasi. Akatazama watu wa benchi mmoja mmoja, kama watu waliovunja chungu.

— Kwani mlimtoa kwa wenzake kwa nini?

Waya akagusa mfuko wake wa waya, akauacha.

— Kwa sababu... ukurasa wa mbele, mama — alisema Juzi. — Picha lazima ijaze. Ndiyo heshima.

— Nani amesema?

Juzi akafungua mdomo. Kila mtu alingoja asikie alichoambiwa Mombasa. Akaufunga.

Mbaruk naye alijaribu kukumbuka ni nani alimfundisha kwamba uso wa marehemu lazima ujaze ukurasa. Miaka kumi na tisa ya kuchapa nyuso za watu, na hakupata jina la mtu hata mmoja.

— Alikuwa anacheka nini? — Elsie aliuliza.

— Wewe hujui? Siku hiyo ndiyo maji yalifunguliwa. Bomba liligoma. Mzungu mmoja akainama kuchungulia, likamtemea mpaka ndani ya viatu! Yule mwingine mwenye kamera akapiga wakati huohuo. Mamako alisahau leso iko wapi. Tulicheka mpaka tukashikana.

Elsie akachukua kikaratasi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na alikuwa anacheka vilevile, na mtu yeyote aliyekuwa hapo angeapa kwamba ni mtoto wa yule mama wa pichani.

— Hii — alisema. — Hii hii, mzee. Kiasi hiki hiki.

Mbaruk alikuwa ameshasimama.

— Upana wa kiganja, katikati ya ukurasa, na karatasi nyeupe pembeni kote. Sikati mtu. Sikuzi mtu. Na chini yake n'andike nini?

— Andika majina yetu sote saba — alisema Mama Mwandawiro. — Wawili wameshamfuata Gertrude.

— Lakini mama — Juzi hakuweza kujizuia — uso ni mdogo. Wale wa viti vya nyuma kanisani watamwonaje?

— Si kila mtu atakuwa na karatasi yake? Watamtafuta. Watainamia karatasi, watapitisha kidole kwa mmoja mmoja, mpaka wamfikie. Mwaka jana, kwenye kile kisanduku kitupu, kuna aliyemtafuta?

Mbaruk aliingia dukani, na muda si muda wakaisikia mashine kubwa ikikohoa, ikikohoa, kisha ikashika mwendo. Waya akanyoosha kikombe chake. Idris akainamisha dele mpaka mwisho, likatoa tone moja, la pili halikuja.

— Imekwisha — akasema. — Na maji siongezi.

Wakabaki wameketi hivyo hivyo, vikombe vitupu mkononi, kwa sababu kikaratasi kilikuwa kwa Elsie na hakukuwa tena na pa kuvitua.