Rangi ya Chumba cha Mtoto

Ndani ya basi, fundi cherehani mwenye mimba ya miezi minane alikuwa amepakata kopo la rangi. Jirani yake, mzee fundi rangi mwenye madoa hadi kwenye nyusi, akauliza, "Ya chumba cha mtoto, binti yangu?"

"Ndiyo, baba. Wameandika haina sumu."

"Langu la juzi nalo liliandikwa hivyo, nikakohoa wiki nzima. Paka chokaa, ni bei ya chee."

"Mkunga kasema chokaa inaunguza macho."

"Basi usipake kitu. Fungua dirisha, hewa ni bure."

"Dirisha linatazama gereji, baba, moshi mtupu!"

Mzee akakuna kichwa. Basi likasimama, akateremka. Binti akalikumbatia kopo lake. Tumboni mtoto akapiga teke, na binti hakujua kama anaikubali rangi hiyo au anaikataa.