Jina Kwenye Mita

Ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara, mama mmoja wa buibui alimpa simu binti aliyekaa naye, amsomee ujumbe wa mwanawe Hudhaifa aliyeko Muscat. Hawakuwa wakijuana, ila binti alishatoa shikamoo, na hiyo ilitosha. Mie nilikuwa siti ya nyuma. Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa.

Binti akasoma: benki ya huko haimfungulii Hudhaifa akaunti mpaka aonyeshe anakaa wapi na analipa kodi nchi gani. Namba ya mlipakodi anayo. Kinachokosekana ni bili au risiti ya nyumbani huku yenye jina lake, maana kule bado analala kwa rafiki.

"Barua ya serikali ya mtaa wameikataa," mama akasema. "Sasa anataka mita ya umeme niiandikishe jina lake." Binti akamwambia hiyo ishu ndogo, abadilishe tu. "Ina jina la baba yake," mama akajibu. "Tumemzika mwaka juzi."

"Pole, mama. Lakini marehemu hatumii umeme. Na Hudhaifa atapokeaje mshahara?"

"Najua, mwanangu. Ila kila nikinunua umeme, risiti inatoka na jina la baba yake. Hakuna pengine wanapomwandika tena."

Binti akamrudishia simu yake.

Basi likasimama Magomeni. Mama akainuka, akashika bomba la kujishikia. "Hapo nje pana wakala wa umeme?"

"Yupo. Kwani nyumbani umeisha?"

"Haujaisha. Nataka risiti tu," akasema, akashuka.