Aliyekataa Kuandika "Mamia"

Huyu tuliyemzunguka asubuhi hii alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Julai 1966, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani mbili za mama yake. Baba yake, ambaye alitutoka miaka kumi iliyopita, alikuwa karani wa posta. Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa tarehe 15. Marehemu alipojua kusoma, akakilinganisha na maneno ya mama yake, alikipeleka kwa baba akamwambia, "Baba, hawa wamekosea." Baba akasema siku moja haina neno. Kwa marehemu ilikuwa na neno. Mwaka 1987 alikwenda mwenyewe ofisini, akapanga foleni siku tatu, na tarehe ikarekebishwa. Alikuwa kifungua mimba. Miaka mitano baada yake alizaliwa mdogo wake, ambaye wengi mnamjua kwa kibanda chake cha kutengeneza redio pale njia panda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, na sekondari hadi mwisho wa 1983. Jina ambalo karibu kila mtu hapa alimwita nalo alilipata akiwa darasa la nne. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba mkaguzi atafika Alhamisi, kila mtoto aje na ufagio. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Nani kasema, mwalimu?" Darasa zima likacheka, naye akafagia ukumbi peke yake wiki nzima. Mkaguzi hakuja Alhamisi hiyo wala iliyofuata. Tangu hapo akawa Nani Kasema, na baadaye wajukuu zake wakamwita Babu Nani Kasema, wakidhani ndilo jina lake la kweli.

Septemba 1989 aliajiriwa na gazeti kuwa msahihishaji. Kazi yake ilikuwa kusoma kila ukurasa kabla haujaenda mtamboni na kutia sahihi pembeni. Bila sahihi hiyo, mtambo haukuwashwa. Alikaa meza ileile, karibu na dirisha lisilofunguka, miaka thelathini na mitano, na kalamu nyekundu ilimfanyia sugu kwenye kidole cha kati. Hakuamini kitu kwa sababu tu kimeandikwa. Mwandishi akimletea habari kwamba daraja limebomoka, humpigia simu mtu anayekaa karibu na daraja. Wenzake walimwona msumbufu. Mwandishi mmoja wa michezo alipata kusema kwamba huyu mzee hata ukimwambia habari za asubuhi atataka shahidi.

Mke wake alimpata palepale. Alikuwa mpiga chapa, na kurasa zake zilirudi zimejaa wekundu mpaka siku moja akaandika chini ya ukurasa: "Wewe mwenyewe hukosei?" Marehemu akamwandikia barua, ndefu, ya mambo ya moyoni. Barua ilirudi kesho yake na duara jekundu kwenye neno "mahabba", na pembeni: "B moja inatosha. Njoo nyumbani Jumapili." Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1994 na kujaliwa mabinti wawili.

Sasa tuje kwenye mafua, maana tukiyaruka mtasema tumeficha, na yamekwisha kusemwa mengi.

Jumanne tarehe 25 Machi mwaka huu, ukurasa wa kwanza ulifika mezani kwake na kichwa cha herufi nene: MAMIA WAFA KWA MAFUA. Marehemu alimwita mwandishi akamuuliza hao mamia wamehesabiwa na nani. Mwandishi akajibu kwamba habari imeenea. Alipobanwa zaidi, ilionekana habari yenyewe ni sauti iliyotumwa kwenye simu na mtu asiyejulikana, imepita kwa rafiki wa shemeji ya mwandishi, ikapita kwa shemeji mwenyewe. Marehemu akapiga simu hospitali, akasubiri kwenye laini nusu saa nzima, mpaka akampata daktari wa zamu. Daktari alimwambia waliokufa ni sita.

Mhariri alipanda juu mwenyewe. "Mtambo unangoja! Tia sahihi."

"Sita si mamia, bosi."

"Kesho watafika mamia."

"Basi kesho nitatia sahihi."

Kichwa kikabadilishwa. Lakini dereva wa gari la kusambaza magazeti alikuwa amesikia yote, na asubuhi akayashusha pamoja na magazeti pale kwa fundi redio. Pale kibandani watu hukusanyika kusikiliza habari na kuzichambua. Fundi redio alivimba kwa fahari. "Kaka yangu huyo! Amewakamata wakitunga!" Kila aliyeondoka pale aliibeba habari na kuipunguza kidogo. Kwanza ikawa gazeti limetia chumvi. Kisha gazeti limedanganya. Ndani ya siku kumi ikawa hakuna mafua kabisa, ni hila ya watu wanaotaka kuuza dawa, na barakoa ndizo zinazoleta kikohozi.

Marehemu aliyajua hayo kwa kinyozi, Jumamosi tarehe 5 Aprili. Alikuwa na povu shavuni. Mteja asiyemjua, kwenye kiti cha pili, alikuwa akimweleza kinyozi kwamba mtu mkubwa wa ndani ya gazeti amekiri mwenyewe hakuna ugonjwa.

"Nani kasema?" akauliza marehemu.

Kinyozi akasimamisha wembe. "Si wewe, mzee? Wote wanasema ni wewe."

Mkewe anakumbuka kwamba alirudi nyumbani siku hiyo amenyolewa upande mmoja.

Alikwenda moja kwa moja kibandani. Akawaambia waliokuwapo: "Nilisema si mamia. Sikusema hakuna." Wakamtazama kama mtu aliyekuja kuuza kitu. Mmoja akasema, "Wamemtisha huyu." Mwingine akasema, "Tazama anavyogeuka. Jana hivi, leo vile." Mdogo wake, ambaye alikuwa amejitapa kwa jina lake siku kumi, aliinamia redio aliyoifungua, bila kumtazama, akasema, "Kaka, usinitie aibu mbele ya watu. Kama wamekuziba mdomo, kaa nyumbani." Hawakusemeshana tena karibu miezi miwili.

Katika miezi hiyo mtaa wetu ulikuwa wa kushangaza. Mtu akikohoa dukani, wenzake walihama foleni, na bado wakaapa kwamba mafua ni uzushi. Walioamini kwamba mafua yapo hawakuamini hospitali, na walioamini hospitali hawakuamini gazeti. Waliokufa walikufa kwa shinikizo la damu, kwa uchovu, kwa kitu walichokula. Marehemu alisikia hayo yote, naye hakuyaamini, kama vile hakuyaamini yale mamia. Tarehe 19 Mei akachukua likizo ya wiki mbili, akanunua daftari, akavaa barakoa, akaanza kubisha hodi katika mitaa minne inayotuzunguka. Aliuliza maswali matatu tu: nani alikohoa, alikohoa siku ngapi, yuko wapi sasa. Nyumba nyingine zilimfungia mlango. Mjane mmoja alimwambia kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.

Alhamisi tarehe 29 Mei alifika nyumba ya mdogo wake. Fundi redio alisimama mlangoni, mikono huku na huku.

"Hapa hakuna mgonjwa."

"Shemeji yuko wapi?"

"Amekwenda kwao."

Kikohozi kikasikika kutoka chumba cha ndani. Ndugu wawili wakatazamana. Marehemu akasema, "Nipishe, au msukume kaka yako." Mdogo wake akapisha. Shemeji yake, mke wa mdogo wake, alikuwa kwenye godoro, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi. Alikuwa amekaa hivyo siku nne. Marehemu alimbeba mpaka kwenye teksi, akakaa naye nyuma, kichwa chake begani. Fundi redio aliwafuata hospitali kwa miguu, kwa sababu, kama alivyosema baadaye, hakujua angekaa vipi gari moja na kaka yake.

Kesho yake marehemu alipeleka daftari kwa mhariri. Waliokufa katika mitaa minne walikuwa kumi na tisa. Mhariri alifunua kurasa mbili tatu. "Machi ulinikatalia mamia. Leo nikuamini kumi na tisa wa daftari lako?"

"Usiniamini. Anwani zimo. Kabishe hodi."

Tumtendee mhariri haki: alimtuma mwandishi, na mwandishi alibisha. Habari ilitoka Jumanne tarehe 3 Juni, ukurasa wa saba, chini, karibu na tangazo la mabati. Marehemu aliisoma akiwa kitandani, kwa sababu homa ilikuwa imempata Jumapili. Alikuta kosa moja la nukta.

Alilazwa Alhamisi tarehe 5 Juni. Hata huko hakuacha. Muuguzi alipokuja na karatasi ya joto la mwili, alimwomba amsomee jina lililoandikwa juu, na kweli ilikuwa ya kitanda cha jirani. Muuguzi alicheka, akashukuru, akaibadilisha. Shemeji yake alikuwa wodi ya pili. Jumapili alipata nafuu akaruhusiwa kwenda nyumbani, akapita kumuaga dirishani. Jumatano tarehe 11 Juni, saa nane na dakika ishirini mchana, marehemu aliaga dunia, mkewe na binti yake mkubwa wakiwa kando yake.

Hatujui aliambukizwa wapi. Aliingia nyumba zaidi ya mia, akapanda teksi, akakaa ofisini. Wapo wanaosema aliupata ugonjwa kwa shemeji yake, na wapo wanaosema alichomwa sindano hospitali ili anyamaze. Tangu jana tumesikia pia kwamba jeneza hili ni tupu. Waliomwosha na kumvalisha ni watu wanne, wamekaa safu ya mbele, na yeyote mwenye swali awaulize wao. Cheti cha daktari kimeandika mafua makali na maji kwenye mapafu. Mkewe alikisoma mara tatu, akauliza kila neno asilolielewa, kisha akakipokea. Marehemu amekufa kwa mafua. Tunaomba anayekohoa leo asione haya kurudi nyumbani, na tusishikane mikono.

Ameacha mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na mitatu, ambaye bado anashona, mkewe, mabinti wawili na wakwe zake, wajukuu watatu, shemeji yake, ambaye yuko hapa na anaendelea vizuri, na mdogo wake mmoja.

Wasifu huu umeandikwa na mkewe. Mdogo wake ndiye aliyeomba kuusoma, na ndiye huyu mnayemsikia. Alipewa nafasi ya kuondoa yanayomhusu. Aliomba yabaki yote, na akaongeza jambo moja ambalo mkewe hakulijua: kwamba siku zile nne, kabla kaka yake hajabisha hodi, yeye mwenyewe alikuwa akiongeza sauti ya redio ili majirani wasisikie kikohozi.

Apumzike sasa, na amani ya Mungu imkalie.