Daftari la Mahudhurio la Mwalimu Tumwagile

Mchungaji, wazee wetu, ndugu mliotoka Kilosa na Vidunda, walimu na wanafunzi mliosafiri tangu alfajiri, familia inawaomba mtulie kidogo tuyasikie maisha ya mwenzetu, maana yeye mwenyewe angekuwa amesimama hapa mbele angekwisha kuuliza nani hajafika, na asingeanza mpaka ajibiwe.

Mwalimu Tumwagile Yared alizaliwa tarehe 23 Machi 1963 mjini Kilosa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Yared Mwakalinga, aliyetoka Rungwe kuja kufanya kazi ya reli, na Mama Debora, aliyelima mpunga na kuuza maandazi stesheni kila treni ya abiria ilipoingia, na alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 14 Aprili mwaka huohuo. Mama yake, ambaye naye ametutangulia, alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alisimama pembeni ya sinia la maandazi akiwahesabu walioshuka na waliopanda, na treni ilipoondoka alitaka kujua yule bibi mwenye kikapu amebaki wapi, na hakukubali kwenda nyumbani mpaka bibi aonekane.

Alisoma shule ya msingi hapo Kilosa kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari mjini Morogoro kuanzia 1978 hadi 1981, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Mpwapwa, alikohitimu Novemba 1983. Tarehe 16 Januari 1984 aliripoti kituo chake cha kwanza cha kazi, shule ya msingi huko Munisagara, akiwa na sanduku moja la bati na daftari jipya la mahudhurio, na ni hapo alipoanza tabia iliyomfanya aogopwe na kupendwa kwa wakati mmoja, kwamba mtoto akikosa siku mbili, siku ya tatu Mwalimu yupo mlangoni kwao, na haondoki mpaka aelezwe sababu.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Bwana Nikolaus Damiano, mwenyeji wa Vidunda na fundi magari hapa Mikumi, lakini uhamisho ulichelewa, wakaishi miaka mitatu na ushee mke Munisagara na mume Mikumi, wakionana mwisho wa juma. Mzee Nikolaus, aliyeketi hapa mbele yetu, anasema miaka ile ilimfundisha kuipenda Jumamosi, na tangu Jumanne iliyopita hajui Jumamosi aifanyie nini. Mwalimu alihamia shule ya msingi hapa Mikumi Machi 1992, akafundisha hadi alipostaafu kwa hiari tarehe 30 Juni 2018. Mungu aliwajalia watoto watatu, Happyness aliyezaliwa 1990, Bryson wa 1993 na Loveth wa 1999, na wajukuu wanne.

Tulidhani amestaafu. Mwezi Januari 2019 kituo kimoja cha mafunzo kilichopo Morogoro kilimwomba afundishe kwa njia ya mtandao kozi ya cheti kwa watu waliokuwa wakifundisha chekechea bila kusomea, watu wa vijijini, wengi wao na simu za kuazima, na Mwalimu ambaye mpaka siku ile simu yake ilikuwa ya tochi alikubali kabla hajauliza vizuri kazi yenyewe ikoje. Kipindi cha kwanza kilikuwa Jumamosi tarehe 2 Februari 2019, saa kumi jioni, pale sebuleni kwake, amevaa gauni lake la kitenge na viatu vya kazini ingawa wanafunzi wangemwona uso tu, akafundisha dakika arobaini kwa bidii sana, kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Aliyemshtua ni Mzee Nikolaus, aliyekuwa akisikiliza kwenye simu yake huko gereji, akaja mbio na mikono ina grisi, na aibu ile Mwalimu aliisimulia kwa kila kundi jipya ili asiwepo wa kuogopa kukosea.

Alidhani ameajiriwa kufundisha, lakini kufundisha kuligeuka sehemu ndogo ya kazi. Alikuwa fundi simu, akimwelekeza mtu wa Mvumi kufungua kipaza sauti kwa kumwambia abonye kile kitu kinachofanana na mwiko, alikuwa mgawa vipindi na mtunza saa, msahihishaji wa kazi zilizopigwa picha gizani, karani wa kukumbusha bando linakwisha lini, na mara nyingi msuluhishi, maana kuna waume waliotaka kujua huyo anayeongea na mke wangu kila Jumamosi ni nani, naye aliwaita waje mbele ya simu, akawaamkia au akaamkiwa, akawaeleza somo la siku hiyo, na wawili kati yao wakaishia kujiandikisha. Mwanafunzi mmoja alijifungua katikati ya muhula, Mwalimu akawa mkunga wa maneno kwa siku tatu. Mzee Mudi wa Mvumi, aliyemzidi umri, alipokea shikamoo ya Mwalimu kabla ya kipindi, kisha wanafunzi wengine thelathini wakamwamkia Mwalimu mmoja mmoja, na kila mmoja alijibiwa marahaba yake kwa jina, kituo kikilalamika kwamba muda unapotea, naye akijibu kwamba huo ndio muda wenyewe.

Na alihamia mtandaoni na daftari lake la mahudhurio, lile la miraba, pamoja na sheria zake za Munisagara, na hapa familia inasema jambo ambalo yeye mwenyewe alituagiza tusilifiche. Sheria yake ilikuwa kwamba asiyeitika ni mtoro, na mtoro wa mara tatu mfululizo anakatwa jina. Mwaka 2021 alikuwa na mwanafunzi aitwaye Yudith Anselmi, mwalimu wa chekechea huko Vidunda, ambaye tarehe 28 Agosti hakuitika, tarehe 4 Septemba hakuitika, na Jumamosi ya tarehe 11 Septemba alipoitwa mara mbili bila jibu Mwalimu alisema mbele ya darasa zima, "Yudith, kama huna nia ya kusoma, mpishe mwenye nia," akachukua kalamu nyekundu. Tangu siku hiyo Yudith hakuonekana tena, na Mwalimu hakuwaza zaidi ya hapo, kwa sababu sheria ilikuwa sheria.

Tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo wifi yake, Hildegarda, aliteremka kutoka Vidunda kuja harusini hapa Mikumi, na mezani, watu wakila, akaleta kichekesho cha nyumbani. "Wifi, kule kwetu alikuwepo mwalimu wa watoto wadogo, kila Jumamosi anatembea saa nzima na nusu mpaka kwenye jiwe la juu kutafuta mtandao, halafu anapiga kelele peke yake, nipo Mwalimu, nipo, mpaka sisi tunaolima chini tunamwitikia." Watu walicheka. Mwalimu aliweka kijiko chini akauliza huyo mwalimu anaitwa nani, na alipoambiwa jina hakula tena siku ile, kwa kuwa alielewa kwamba mtandao wa pale jiweni ulikuwa ukipokea sauti bila kuitoa, na kwamba Yudith alisikia kila kitu, pamoja na lile neno la mwisho, akiwa amesimama juu ya jiwe akiitika.

Alimpigia siku hiyohiyo, namba haikupatikana. Jumatatu alipanda Vidunda na mumewe, wakaelezwa kwamba chekechea ilimwachisha kwa kuwa cheti kilishindikana, amehama, na hakuna aliyejua ameelekea wapi. Mwalimu aliwahi kuwafuata watoto wa Munisagara kwa miguu mpaka milangoni kwao, lakini mlango huu hakuupata, na kwa miaka minne aliutafuta, akiulizia kanisani, sokoni, kwa madereva wa bodaboda, na kwa kila mgeni aliyetaja kwamba amepita milimani.

Alichoweza kubadilisha alikibadilisha. Alifuta sheria ya utoro, akaweka nyingine, kwamba asiyesikika abipu, simu ilie mara moja ikatike, na hiyo ihesabiwe ni kuitika sawasawa na sauti, na ndiyo maana Jumamosi jioni simu yake ndogo ya tochi ililia na kukatika mezani kama chombo cha jikoni, naye akitia alama za vema. Jina la Yudith Anselmi alilirudisha kwa kalamu ya bluu, akalihamisha kutoka kundi hadi kundi, wa mwisho katika orodha, akaliita kila Jumamosi na kusubiri. Makundi mapya hayakumjua, wengine wakadhani ni mtoto wake aliyefariki, na alipoulizwa alijibu kwamba ni mwanafunzi wake ambaye aliitika yeye asisikie, na sasa ni zamu yake kuita asisikike. Mraba wa Yudith aliuacha wazi kila juma, hakuandika mtoro na hakuandika yupo, na tunakiri kwamba sisi wa nyumbani tulichoshwa na ile dakika ya kimya, tukamwambia amwachie Mungu. Leo tungetoa chochote tuisikie tena dakika ile kutoka sebuleni.

Mwezi Mei 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na kuanzia Februari 2024 alikuwa akisafishwa damu hospitalini Morogoro mara mbili kwa wiki, lakini siku hizo hakuruhusu zipangwe Jumamosi, na wauguzi walikubali baada ya kuona hawamwezi. Alifundisha akiwa ameegemea mito, Loveth akimshikia simu, na sauti ilipopungua wanafunzi walinyamaza zaidi. Alitamani jambo moja, akalisema waziwazi, kwamba kabla hajaondoka amsikie Yudith akiitika ili amwombe radhi mbele ya darasa, palepale alipomuumiza. Kipindi chake cha mwisho kilikuwa Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025. Aliita majina ishirini na nane, ishirini na nane wakaitika au wakabipu, akaita Yudith Anselmi, akasubiri, kisha akasema tuendelee.

Hali ilibadilika ghafla tarehe 8 Agosti, akalazwa, kipindi cha tarehe 9 hakikufanyika, na Jumanne ya tarehe 12 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, Mwalimu alipumzika, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Kwa kweli tumemkosa, na nyumba ile imekuwa kubwa mno.

Taarifa ilipofika kwenye makundi ya wanafunzi wake, jioni ya Jumatano, simu ya tochi ilianza kulia na kukatika, kulia na kukatika, hakuna aliyetaka kuzungumza, walikuwa wakiitika, wa mwaka huu na wa miaka yote, na Loveth alichukua daftari akawatia alama mmoja mmoja huku akilia. Alhamisi asubuhi ilibipu namba asiyoijua, akaipigia, na mwanamke akasema kwa sauti ndogo, "Mimi Yudith Anselmi, niliyekuwa Vidunda. Mwanangu, naomba uniandikie nilikuwepo." Loveth hakumwelewa, mama yule akaeleza.

Yudith yuko Kimamba, mahali ambapo Mwalimu alipita na gari mara nyingi akitoka hospitali kwenda kuwaona ndugu zake Kilosa, anapika uji katika chekechea ya Mwalimu Goodhope, ambaye ni mwanafunzi wa kundi la mwaka huu, na pale wote humwita mama wa uji tu, jina lake hawalijui. Tarehe 2 Agosti, Jumamosi yake ya kwanza kubaki kazini hadi jioni, alikuwa akiosha sufuria aliposikia jina lake likitoka kwenye simu ya Goodhope, kwa sauti ileile, akajua anatafutwa kwa utoro wa miaka minne, akatoka nje akajificha nyuma ya jiko mpaka kipindi kikaisha. Goodhope alimfuata, akamweleza kwamba jina hilo huitwa kila Jumamosi, na kwamba Mwalimu husubiri. Wakapanga aitike Jumamosi inayofuata, akajifunza kutumia kipaza sauti, akanunua na bando, na Jumamosi ile darasa halikufunguliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Morogoro waliomvumilia Mwalimu na ratiba yake, majirani wa hapa Mikumi walioleta maji, kuni na usiku wao, walimu wenzake wa Munisagara na Mikumi, mafundi wa gereji waliomwendesha hospitali pasipo kuulizwa mara mbili, na kituo cha mafunzo kilichotuma wawakilishi. Tunawashukuru wanafunzi wake, wengi mnaonana nyuso leo kwa mara ya kwanza, na tunajua mmetambuana kwa sauti.

Dada Yudith Anselmi naye amefika, ameketi na akina mama upande wa kulia, na asubuhi hii, kabla jeneza halijafunikwa, alisimama karibu akasema alichokuja kusema. Loveth amefungua daftari, ukurasa wa tarehe 2 Agosti, mstari wa mwisho, na mraba uliokuwa wazi ameutia alama ya vema kwa kalamu ya bluu ya mama yake, kwa kuwa siku ile alikuwepo. Sasa hivi ni saa kumi jioni, Jumamosi, na hakuna aliyekosa. Mwalimu, wote tupo, pumzika kwa amani.