Sauti ya Nyuma ya Pazia Yahamia Viti vya Mbele

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Shangazi anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Alianza nasi wakati ukumbi huu ulikuwa na mabenchi badala ya viti, na tangu hapo amekuwa mnong'onezaji wetu. Kwa wasioijua kazi hiyo, ni hii: anakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la kushoto, kitabu cha mchezo mapajani, na mwigizaji akisahau maneno yeye humtupia neno la kwanza ili mengine yafuate. Akifanya vizuri, hakuna mtazamaji anayejua kuwa yupo. Ni kazi ngumu kwa mtu yeyote, na kwa Shangazi ilikuwa ngumu maradufu, maana mdomo wake haujawahi kupata likizo.

Alikuja kuomba kazi ya kuuza tiketi. Akiwa anasubiri kuitwa, aliwasikia waigizaji wakifanya mazoezi chumba cha pili, mmoja wao akakwama, naye akamtajia neno kutoka pale pale kwenye benchi. Mchezo wenyewe alikuwa ameusikia mara moja tu, asubuhi hiyo hiyo. Wakubwa wakaona tiketi zitapata mtu mwingine.

Mimi ni fundi taa, kwa hiyo nimemtazama kutoka juu kwa miaka mingi. Kabla pazia halijafunguliwa hutafuna kipande cha tangawizi ili koo lisikwaruze. Hamtazami mwigizaji mdomo, anamtazama mikono na miguu. Anajua kwamba yule anayeigiza akina mama wakwe akisahau hujikuna sikio, na kwamba mchekeshaji wetu mnene akisahau hukaa chini popote alipo, hata pasipo na kiti. Wote hao amewaponya chupuchupu mbele ya watu, kisha akawasema bila huruma kwenye chumba cha maleba.

Lakini kinachomfanya Shangazi awe Shangazi ni kuuliza. Jambo halimpiti. Swali lake kubwa ni kwa nini michezo ya zamani haifi. Mtu anatoa pesa yake kwenda kuona hadithi ambayo hata bibi yake aliujua mwisho wake, kwa nini? Amemuuliza mlinzi wa getini, amemuuliza mshona maleba, amewauliza watazamaji waliopanga foleni ya choo, wakamjibu haraka haraka kwa sababu zao. Akitembea mjini huwa anasikiliza. Atakurudia Jumatatu na habari kwamba mshereheshaji wa harusi fulani anatembea kama yule tajiri bahili wa mchezo wetu wa kuchekesha, bega moja juu, mkono kiunoni. Vijana wanaorekodi vichekesho kwenye simu wanatumbua macho vile vile, na ukiwauliza wamejifunza wapi watakuapia kwamba wamebuni wenyewe.

Hapo ndipo linapokuja suala la ule mchezo ambao sote tunauita Mlango. Mzee amemfukuza binti yake na kuapa kwamba hatavuka tena kizingiti chake. Mwishoni binti anarudi, anasimama nje. Mzee anatakiwa kusema neno moja tu, "Ingia," na mwandishi hakuandika zaidi ya hapo. Miaka mingi iliyopita mwigizaji wetu mkuu, tunayemwita Mzee Kishindo, alifika kwenye neno hilo akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Shangazi akangoja, akaona jasho linamtoka, akanong'ona: "Sema ingia." Ukumbi ulikuwa umetulia kiasi kwamba hata safu za nyuma zilisikia. Mzee Kishindo akashtuka, akasema, "Ingia," na watu wakaangua kilio. Walidhani wamesikia sauti ya marehemu mkewe, mama wa yule binti.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyethubutu kuuonyesha mchezo huo bila ile sauti. Vikundi vingine navyo vikaichukua. Kisha ikatoka mlangoni kwetu ikaenda zake. Mtangazaji wa mpira akiona mpira unazungukazunguka mbele ya goli anapaza sauti, "Sema ingia!" Kuna tangazo la vitasa linaloitumia. Mke na mume wakinuniana, shemeji mtu akija kusuluhisha anaanzia hapo hapo. Binti yangu mdogo, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi huu, huniambia hivyo nikichelewa kumfungulia paka.

Mtu mwingine angevimba kichwa. Shangazi ilimuuma. Mnong'onezaji aliyesikika ni sawa na mpishi aliyeacha unywele kwenye sufuria, hata kama wageni wamesifu mchuzi. Na Mzee Kishindo, kila alipohojiwa redioni, alisema ile sauti aliibuni mwenyewe, tena mara nyingine aliongeza kwamba aliiota. Shangazi hakumkanusha. Msidhani ni upole, huo hana. Angesema "ni mimi," angekuwa anatangaza kosa lake la kazi kwa mdomo wake mwenyewe.

Alichotaka kujua ni kitu kimoja: siku ile, Mzee Kishindo alisahau au alinyamaza makusudi? Kama alisahau, basi Shangazi alifanya kazi yake, ila kwa sauti ya juu kidogo. Kama alinyamaza makusudi, basi aliikanyaga dakika bora kuliko zote za mwigizaji yule, na mji mzima umekuwa ukiurudia mkanyago huo kwa furaha. Kila alipomuuliza, mzee aliligeuza swali kuwa mzaha. Mara, "Dada, wewe unazeeka vibaya." Mara anakumbuka kwamba kaacha chai jikoni.

Wiki tatu zilizopita Mzee Kishindo alikuja kutusaidia kuchagua onyesho la sherehe hii. Amekula chumvi nyingi sasa, anatembelea fimbo. Mimi nilikuwa juu ya ngazi kwenye chumba cha maleba nikibadilisha balbu, na wao chini walishanisahau. Shangazi akauliza tena swali lake. Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, "Sikusahau, dada. Ule ukimya niliufanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo. Ulipouingilia nilitaka kukurushia kiatu. Halafu nikasikia watu wanalia, nikaona bora niseme ni wangu. Nimekula sifa zako mpaka leo. Naomba unisamehe."

Nilishika ngazi vizuri, maana nilitegemea moto. Shangazi alinyamaza. Sijawahi kumwona vile, na nakiri niliogopa. Alikuwa ameambiwa kwamba alikosea, na kwamba kosa lake ndilo jambo maarufu kuliko yote yaliyowahi kutoka katika jengo hili. Alipofungua mdomo hakuuliza habari za sifa wala redio. Alisema, "Sasa kaka, ungenyamaza mpaka lini?"

"Sijui," mzee akajibu. "Nilitaka nimtazame yule mtoto mpaka moyo ukubali wenyewe. Hukuniacha nijue."

Kwa hiyo onyesho likawa limeshachaguliwa: Mlango. Jioni ya leo, baada ya hotuba, Mzee Kishindo atawaeleza ninyi nyote sauti ile ilikuwa ya nani. Kisha ataweka fimbo pembeni, atasimama mlangoni, na nyuma ya pazia hapatakuwa na mtu. Shangazi atakuwa safu ya tatu, katikati. Ni mara yake ya kwanza kuuona mchezo huo kutoka mbele.

Shangazi, asante kwa kila neno ulilotupatia tulipokuwa tumeishiwa. Wengi wetu tunaitwa mahiri kwa sababu yako, na tunalijua hilo hata tusiposema. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, wajukuu wenye majibu ya maswali yako, na maisha mema yasiyo na haraka.

Na kwenu wageni waalikwa, ombi moja. Mzee akinyamaza, tafadhali msimsaidie. Najua mdomo utawawasha. Mwacheni yule binti asimame nje mpaka mzee aseme mwenyewe.