Siku Shangazi Alitoa Kitambaa Ku Uso Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na wale wenye walifika leo na nguvu, asifiwe pia na wale wenye walifika wakijikokota. Mimi ninaitwa Mama Furaha. Wengi munanijua sababu ya mafuta ya uso yenye ninapikaka hapa Kashuga, ile yenye inanukia asali. Leo sikuje kuuzisha. Nilikuja kusema namna Mungu alinitoa mu aibu yenye ilikuwa imenifunga kabisa.

Mimi ni mutoto ya walimaji. Wazazi yangu na wazazi yao walilima vilima ya Masisi, maharagi na mihogo, na siku ya Mungu walikuwa kanisani. Wakati vita ilifika ku kilima yetu, tulikimbia, mimi na bwana yangu na mutoto yetu Furaha mwenye alikuwa angali ananyonya. Tulifikia mu kampi hapa Kashuga, mu nyumba ya bashi, ile plastiki ya musaada. Bwana yangu aliona kulimia watu haitatutosha, akaenda kuchimba mawe ya zahabu kule Omate, mu Walikale. Nikabaki na mutoto mu mugongo na jembe mu mukono.

Kisha kuzala Furaha, madoa meusi ilitoka ku mashavu yangu na ku paji ya uso. Haikuuma. Ilikuwa tu inaonekana. Lakini munajua kampi, ndugu zangu. Nyumba zinagusana, na maneno inapita ku bashi kuliko mvua. Wengine walisema ni sumu. Wengine walisema bwana yangu amepata mwanamuke mwingine kule, njo maana ule mwanamuke ananitupia kitu.

Dada ya bwana yangu alikuja kututembelea kutoka Goma. Ni mwanamuke ya roho muzuri. Alinihurumia, akaniachia kikopo kidogo ya mafuta, bila maandishi hata moja juu yake, akanieleza kwamba kule mujini watu wanaipaka na madoa inaisha. Mpaka leo simulaumu. Alinipa kile chenye yeye mwenyewe alikuwa anajipaka.

Mwanzo uso iling'aa. Watu wakaanza kusema nimekuwa mama ya mujini. Kisha ngozi ikaanza kuwaka. Jua ya mushamba, ile yenye ilinikomalisha, ikanigeukia moto. Nikiinama kupalia maharagi, jasho inashuka na inauma kama pilipili. Ngozi ikawa nyembamba, ikapasuka kando ya mudomo, na madoa ikarudi nyeusi kuliko mbele. Nikiacha kupaka, uso inavimba. Nikipaka tena, inatulia kidogo. Ndugu zangu, ile njo kamba. Kile chenye kilikuwa kinaniumiza njo kilikuwa kinanipa kupumua.

Nikaanza kufunga kitambaa, yakabaki macho tu. Nikaacha kulima sababu ya jua, na mwenye haende mushamba ya watu, jioni hana unga. Nikaacha kwaya, kisha nikaacha kanisa kabisa. Siku ya Mungu nilikuwa nasikiliza nyimbo nikiwa ndani ya bashi, nazifuata na midomo bila sauti. Hata kuomba, niliomba nikiwa nimefunika uso, kama vile Mungu naye alikuwa jirani mwenye atacheka.

Lakini kitu yenye ilinivunja roho ni mutoto. Asubuhi moja nilitoa kitambaa kwa kunawa. Furaha aliamuka, akaniona, uso imevimba, macho karibu kufungana. Alilia, akatoka mbio kwa jirani. Nikamwita kwa jina. Alisikia sauti yangu, akageuka, akaitafuta, lakini kila mara macho yake ikifika kwangu analia tena. Nikafunga kitambaa, njo akarudi. Mutoto yangu alikuwa amezoea kitambaa kuwa njo mama yake.

Nilikaa chini, nikasema tu, "Bwana, mimi nimeshindwa. Nionyeshe pa kwenda."

Na ndugu zangu, muone namna alijibu. Kisha siku chache, wamama wa kampi walipanga safari ya kupeleka maharagi upande ya Buleusa, na kule Buleusa njo anaishi shangazi yangu, dada ya baba, mujane mwenye ana ngazi, ile miti ya mawese, nyuma ya nyumba. Nikafunga Furaha ku mugongo, nikawafuata. Tulipanda vilima, tukashuka, tukalala kwa waamini wenye tulikuta mu njia. Hakuna muntu alinilazimisha kuonyesha uso.

Shangazi alitupokea bila kuuliza kitu. Tulikula kwanza. Kisha akaleta maji ya uvuguvugu mu beseni, akakaa mbele yangu ku kiti kifupi, akaniambia nitoe kitambaa. Nikakataa. Nikamwambia uso yangu inaogopesha, hata mutoto ya tumbo yangu aliikimbia.

Akanijibu polepole: "Mimi njo nilinawisha hii uso siku ulizaliwa, mbele mama yako aikamate. Sasa nitaogopa nini?"

Akatoa kitambaa yeye mwenyewe. Akaninawisha na vidole, bila sabuni, kama vile muntu anaosha mutoto muchanga. Tangu miezi mingi hakuna mukono ilikuwa imegusa uso yangu isipokuwa yangu. Nililia, na machozi iliniuma ku ngozi, lakini sikutaka yaishe. Shangazi alikuwa anaomba chini chini kwa Kihunde, ile lugha yenye nilifundishwa nayo kuomba, na katikati ya maombi nilisikia kitu inanitoka ku kifua, kama vile mama anatua muzigo ya kuni kisha kilima kirefu. Madoa ilibaki. Uvimbe ilibaki. Lakini ile woga ilikatika pale, na haikurudi kunitawala.

Kesho yake alinipeleka kwa muganga wa santre ya afya, mama mutulivu mwenye aliniangalia na heshima. Alifungua kile kikopo chenye nilikuwa nimebeba, akasema ile ni dawa kali, haifae uso, niiache hata kama ngozi itasumbua kwa muda. Akanipa dawa ya vidonda. Shangazi akamuuliza kuhusu mafuta ya mise yenye yeye anapikaka. Muganga akasema tungoje vidonda vifunge, kisha tujaribu kwanza kidogo ku mukono. Tukatii. Mungu wetu anatumia santre, na anatumia shangazi pia.

Katika kungojea njo nilifundishwa kazi. Mise ni ile mbegu ngumu ya ndani ya ngazi. Unaivunja na jiwe, unaikaanga polepole, unaitwanga, unaitokosa na maji mpaka mafuta inaelea, unaitoa juu na kijiko. Kisha unairudisha ku moto peke yake mpaka maji yote iishe, sababu maji ikibaki, mafuta inaoza. Mara ya kwanza niliunguza mise, nyumba yote ikajaa moshi, shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Halafu unayeyusha nta ya nyuki mu chombo yenye imekaa ndani ya maji ya moto, unaongeza mafuta ya mise na kidogo ya avoka, na asali matone, unakoroga bila kuacha mpaka inakuwa nzito na laini. Ile kukoroga ilinifundisha kunyamaza mbele ya Mungu. Huwezi kuikimbiza.

Uvimbe ikashuka polepole. Ngozi ikafunga. Siku moja shangazi ananinawisha inje, Furaha anatutazama akiwa amesimama kando ya mulango. Akakaribia. Akatumbukiza mukono yake mu beseni, akanipaka maji ku shavu, akaangalia kama nitasikia maumivu. Halafu akasema, "Mama." Alisema tu vile, akaendelea kuninawisha. Ndugu zangu, sijapata kusikia mahubiri yenye ilinishinda kuliko ile neno moja.

Habari yangu ilifika Omate kwa midomo ya wachuuzi, na bwana yangu akafunga safari. Nilisikia sauti yake mu lupango, inje ya nyumba, nikanyoosha mukono kutafuta kitambaa. Shangazi alinitazama tu. Nikatoka na uso wazi. Bwana yangu aliniangalia, kisha akaficha mikono yake nyuma ya mugongo, akainamisha kichwa. Nikafikiri ni uso yangu. Kumbe yeye njo alikuwa anasikia haya. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, maji na muchanga ya mashimo ilikuwa imevila.

Akasema, "Nilitaka nirudie na kitu mu mikono. Sasa hata mikono yenyewe imeharibika."

Nikamukalisha ku kile kiti kifupi. Nikanawisha mikono yake, na penye hapakuwa kidonda nikapaka mafuta yenye nilipika mwenyewe. Alirudi pamoja nasi Kashuga, na leo iko pale nyuma na wababa, munamuona.

Madoa ingali. Nikae karibu na dirisha, mutayahesabu. Mafuta yangu haigeuze rangi ya muntu, inalainisha tu ngozi yenye Mungu alimupa, na mwenye ana kidonda ninamutuma kwanza kwa muganga. Ninashukuru Mungu kwa shangazi, kwa ule muganga, kwa wamama wenye walinibeba mu safari bila kuniuliza.

Na wewe mama, ao baba, mwenye uko hapa lakini umejificha ndani yako, ninakuomba ukuje kwetu. Tutakula kwanza, sitakuuliza kitu. Kisha tutaomba. Bwana hakungoja nitakate njo anitazame, na hatangoja wewe utakate. Umupe uso yako vile iko. Amina.