Atuganile Hebroni na Mkono Uliokataa Kupona (1938–1999)

Bibi yetu Atuganile Hebroni alizaliwa Ikombe, kando ya ziwa, tarehe 11 Februari 1938, mtoto wa tatu wa mama mfinyanzi. Alisoma Matema hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1951. Hakuacha kwa kukosa akili. Mama yake alihitaji mtu wa kukanda udongo, basi.

Mwaka 1957 aliolewa na Hezroni Isaya, fundi seremala, aliyefariki mwaka 1981. Baada ya hapo alilea watoto watatu bila kumwomba mtu hata chumvi, na alijisifia hilo. Tulimheshimu. Ila kumpelekea shida yako, hapana, tulimwogopa.

Alifinyanga miaka arobaini. Ndoo za plastiki zilipojaa Kasumulu na wenzake wakaacha kazi, yeye aliendelea kupakia vyungu kwenye mtumbwi. Na tusidanganyane hapa msibani, alikuwa na mdomo. Mwaka 1987, sokoni Matema, mbele ya wateja, alimwambia Damaris, dada wa mumewe: “Wifi, hicho chungu chako oteshea maua. Maji hakitashika.” Watu wakacheka. Damaris hakucheka. Hawakusemeshana miaka minane.

Tarehe 6 Julai 1992 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Septemba tulimpeleka mkutano wa injili Bondeni, Kyela mjini. Mhubiri mgeni akamwombea, akamwambia auinue. Haukuinuka. Akasema kuna dhambi anaficha. Bibi alirudi Ikombe ameufunika mkono kwa kitenge. Alifunga, akaomba miezi mingi, mkono ukabaki vile vile.

Hapo akaacha kushiriki Chakula cha Bwana. Kwetu hupokei kitu cha mkubwa kwa mkono wa kushoto, sembuse cha Mungu. Alikaa benchi la nyuma, na watu wakienda mezani yeye alitoka nje. Sisi wa nyumbani tulimwona anatoka, tukaona afadhali, maana tulikuwa tunaona aibu. Leo tunaomba radhi, na tumechelewa.

Pasaka, tarehe 16 Aprili 1995, Damaris alimfuata pale pale benchini.

“Inuka twende.”

“Kwa mkono gani?”

“Yote miwili. Wa kulia nitaubeba mimi. Mdomo utajibebea mwenyewe.”

Walipiga magoti pamoja. Damaris akaushika ule mkono, akauweka chini ya wa kushoto, akaushikilia mpaka mkate ukatua. Bibi alilia, kanisa zima likasikia. Nje akasema, “Niliomba mkono, nimeletewa wifi.” Halafu akaomba msamaha wa yale maneno ya sokoni.

Tangu hapo walifinyanga pamoja, Bibi kwa kushoto ndani ya chungu, Damaris kwa kulia nje. Vyungu vilitoka vimepinda kidogo, na vilinunuliwa. La ajabu ni kwamba watu walianza kumjia. Mwenye mgonjwa, mwenye ndoa mbovu, hata jirani yetu Yohana, aliyeshindwa kuacha pombe. Bibi hakuwahubiria. Aliwaambia, “Mimi mwenyewe siwezi. Kaa hapa, tumwombe anayeweza.” Alipokuwa mzima hakuwa na nguvu ya namna hiyo hata kidogo.

Mwanzoni mwa Machi mwaka huu kiharusi kilirudi. Alipoona anaishiwa nguvu, aliomba kitu kimoja tu, mchungaji amletee Chakula cha Bwana. Ziwa likachafuka siku mbili, mtumbwi haukupita. Alikuwa anauliza kila saa, “Wamefika?” Alhamisi tarehe 18, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa bado anasubiri.

Mchungaji alifika saa nne, amelowa. Damaris akamwambia ampe. Mchungaji akamjibu kwa upole kwamba marehemu hapewi.

“Najua,” Damaris akasema. “Basi nipe mimi. Mkono wake ni mimi.”

Akapiga magoti kando ya kitanda, akakinga mikono miwili. Mchungaji akampa.

Bibi ameacha wifi yake Damaris, watoto watatu, Elizabeth, Eliud na Anyosisye, wajukuu tisa, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Songwe ambao baadhi yao bado wako njiani.

Ndaga, asante, Bibi. Bwana akulaze kwa amani.